Shimo Moja la Ndizi mpaka Dar es Salaam

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Hakuanza hata na shikamoo. "Bibi, nakuja kukuona! Kwa ndege ni saa moja na nusu tu!" Nikamwuliza, saa moja na nusu mpaka wapi? Mpaka Mwanza, akasema. Nikamwuliza, na mimi nakaa Mwanza? Akacheka, akasema ameangalia kwenye simu yake, kutoka Mwanza mpaka kwetu Ngara ni kamstari kafupi tu. Nikamwambia basi apande hako kamstari, nikakata simu. Hapo nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, na jirani yangu alikuwa anamwaga rubisi iliyomchachia, pombe ya ndizi, mtungi mzima. Ile harufu kali ya kukata pua ikanifikia maneno ya saa moja na nusu yakiwa bado sikioni, na hasira zikanipanda ambazo wala hazikuwa za yule mtoto. Ni hasira za zamani sana, za wakati meno yangu ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota upya.

Ninyi wa rika langu mtanielewa, kwa hiyo nawaeleza ninyi. Hawa wengine watauliza kwa nini hatukupiga simu.

Zamani hizo sisi wa Kibimba hatukuhesabu safari kwa kilomita. Kilomita zilikuwa za madereva. Safari tuliihesabu kwa kitu kilichokuwa kinaiva nyumbani wakati mtu yuko njiani. Kwenda sokoni na kurudi ilikuwa chungu cha maharage: unayainjika mtu anatoka, yakilainika anaingia. Kwenda Biharamulo na kurudi ilikuwa viazi vya kuanika: ukivikata na kuvitandaza juani leo, vikikauka vikalia kama vijiti ukivishika, mtu wako amerudi, na kama hajarudi unaanza kuuliza watu. Na Dar es Salaam, huko mbali ambako hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda ila Shangazi Skolastika, dada yake Baba, aliyeolewa na mpishi wa maofisa, Dar es Salaam ilikuwa shimo moja la ndizi.

Nieleze shimo, maana hata wajukuu wanaokaa hapa hapa hawalijui, wanakunywa bia za chupa. Unakata mikungu ya ndizi za pombe, zile ambazo hata nyani hawazili mbichi. Unachimba shimo, unalipasha moto, unalitandika majani makavu ya mgomba, unazika ndizi humo na kufukia udongo juu. Siku ya tano unafukua, zimeiva njano na zinanukia mpaka barabarani. Unamenya, unazikanyaga pamoja na majani kwenye mtumbwi wa mti, unachuja, unanyunyiza unga wa mtama uliokaangwa, unafunika. Siku ya saba ni rubisi. Siku ya nane bado ni rubisi nzuri, tena ndiyo wanaume wanayoipenda. Siku ya tisa inaanza kuuma ulimi. Baada ya hapo usinishirikishe.

Sasa Shangazi alikuwa akitaka kuja, anatuma neno mapema, anataja siku atakayoondoka Dar es Salaam. Treni mpaka Mwanza, kivuko, malori, msitu, matope, ilikuwa inachukua hivyo hivyo, siku saba. Baba siku hiyo hiyo anayoondoka yeye huko, anazika ndizi hapa. Shangazi akishuka kwenye lori, rubisi inafunuliwa. Haikuwahi kukosea. Mara moja alichelewa siku moja kwa sababu ya mvua, na hata rubisi siku hiyo ilichelewa kuchangamka kwa sababu ya baridi ya mvua ile ile. Ndiyo maana nasema zamani watu walikuwa na akili, na mimi ndiye niliyeiharibu. Sijifichi.

Dada yangu Koleta alikuwa ameposwa na watu wa Nemba, upande wa Biharamulo. Wasubi. Sisi Wahangaza tulikuwa tunataniana nao, kwamba wao wanasema polepole hata wakigombana. Koleta alikuwa amevuka umri ambao wenzake waliolewa, si kwa ubaya wowote, ila mchumba wa kwanza alikufa na wa pili alikimbilia kilimo cha pamba huko Usukumani akasahau kurudi. Huyu wa Nemba alimpenda kweli. Nilimwona akimpenda, kwa sababu nilikuwa nikitumwa kukaa katikati yao wakati wa kuongea, nikiwa natafuna muwa. Koleta kila akitajiwa Nemba alikuwa anatazama chini na kukwaruza ukuta kwa kucha. Ukuta wetu ulikuwa na shimo pale.

Na kwetu binti haondoki bila shangazi. Baba anaweza kuwa mgonjwa, mama anaweza kulia ndani, lakini shangazi lazima awepo. Ndiye anayekaa na bibi harusi chumbani, na ndiye anayefungua mtungi wa rubisi. Yeye anakunywa kwanza, halafu anampa mkuu wa wale waliokuja kuoa. Mdomo wa mtu mwingine ukitangulia, basi binti ameondoka bila mtu wa kwao, na likimpata jambo huko aendako hana pa kurudi. Hiyo haikuwa sheria ya kuandikwa, lakini jaribu kuivunja uone.

Basi ikaja barua ya Shangazi, imeletwa na dereva wa lori la chumvi. Nyumbani kwetu msomaji nilikuwa mimi. Darasa la tatu. Baba hakusoma, Mama hakusoma, Koleta alisoma akaacha. Na mimi mwenyewe niliishia la nne, lakini hapo darasa la tatu nilikuwa ndiye serikali ya nyumba ile. Nikasimama katikati ya uwanja, nikasoma kwa sauti ya mwalimu:

"Mzee anayepikiwa na mume wangu amenipa tiketi ya ndege kwa kuwa nilimwuguzia mtoto wake. Nitaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, asubuhi. Kwa ndege mpaka Mwanza ni mwendo wa saa moja na nusu. Msihangaike."

Msihangaike! Mpaka leo neno hilo likinijia naona kizunguzungu.

Baba aliuliza, "Saa moja na nusu ni kama nini?"

Nikasema ni kama vipindi viwili na mapumziko. Akasema hivyo havijui, nimwambie kama nini. Mama akasema ni kama maharage yasiyolainika bado. Baba akakaa chini.

"Dar es Salaam," akasema, "kwa maharage mabichi?"

"Mpaka Mwanza," Mama akasema. "Mtoto amesoma mpaka Mwanza. Na kutoka Mwanza?"

Wote wakanitazama mimi. Hapa ndipo mngenisaidia kama mngekuwepo. Ningesema sijui, ingetosha. Mtoto kusema sijui haimgharimu chochote. Lakini nilikuwa na ubao wa kuandikia kwapani na nguo ya shule mwilini, nikasema, "Nitapima kesho."

Kesho yake mwalimu alipotoka kwenda kuangalia wenzetu wanaolima shamba la shule, nikapanda kwenye dawati mbele ya ramani ya Tanzania iliyotundikwa ukutani. Nikachukua jani refu, nikalilaza juu ya ramani, kisha nikalilinganisha na mkono wangu. Dar es Salaam mpaka Mwanza ilikuwa mkono wangu mzima, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mwanza mpaka Ngara ilikuwa kiganja na kidole kimoja juu. Nikarudia mara tatu, sikutaka kudanganya. Katikati ya Mwanza na upande wetu kulikuwa na kipande cha rangi ya bluu, chembamba kama ukucha. Nikasema hiki si kitu.

Nikarudi nyumbani nimejaa. Nikawaambia: kama mkono mzima ni saa moja na nusu, kiganja ni muda wa kumenya ndizi za chungu kimoja. Shangazi akiondoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi, jua halijafika utosini yuko hapa Kibimba.

"Na ziwa?" Mama akauliza.

"Ziwa ni dogo, Mama. Ni ukucha tu."

"Mimi nilipelekwa hospitali Biharamulo na tumbo lako," Mama akasema. "Niliuona msitu ule kwenye machela, siku nzima, mbung'o wananiuma. Msitu nao ni nini kwenye karatasi lenu?"

"Msitu haupo," nikasema. Na kweli haukuwepo. Hawakuuchora.

Mama akamgeukia Baba. "Baba Koleta, zika ndizi Jumanne kabla ya hiyo Jumamosi. Tafadhali. Tuwe na siku tatu za matope. Waambie wakwe waje Jumanne inayofuata."

Hebu sikieni, nami naandika huku natikisa kichwa. Jumanne. Mama hakuwahi kuona ramani hata siku moja, na alitaja siku yenyewe. Lakini Baba alikuwa na ugonjwa mmoja, alikuwa anajivuna kwamba ana mtoto msomi. Akasema, "Mtoto amepima. Unataka nimpeleke shule ili nisimsikilize?" Akazika ndizi Jumamosi ya kabla, mikungu yote iliyokuwa imekomaa shambani, hakubakiza hata mmoja, ili rubisi iive siku ile ile ndege inaruka. Akatuma watu Nemba kuwaambia wakwe waje Jumamosi mchana, Shangazi anakuja kwa ndege, wasichelewe wao. Hivyo ndivyo alivyosema, wasichelewe wao.

Hawakuchelewa. Walifika Jumamosi asubuhi, watu kumi na wawili, wametembea na kulala mara mbili njiani, bwana harusi akiwa nyuma amebeba viatu mkononi ili visichafuke. Mbele yao alikuwa mzee Baltazari, ndugu mkubwa wa baba yake bwana harusi, mtu mrefu, mkavu, mwenye fimbo. Nikawapa shikamoo mmoja mmoja mpaka mdomo ukauma. Wakakaa. Mtungi wa rubisi ulikuwa pale kivulini, umefungwa jani la mgomba na kamba, na kila mtu alikuwa anausikia unavyonong'ona ndani.

Mimi nilikuwa barabarani natazama juu. Hakuna aliyenituma. Nilidhani ndege ikipita, Shangazi atateremshwa karibu, kama lori linavyoteremsha mtu mbele ya njia yake. Kwa nini apelekwe Mwanza halafu arudishwe, wakati rubani anaona nyumba yetu kule chini? Nilikaa pale mpaka kivuli changu kikawa kirefu kuliko mti wa kahawa. Kilichopita ni kunguru.

Usiulize Jumamosi ilivyokwisha. Wakwe walipewa ndizi za kupika na maharage, wakala kwa adabu, wakalala kwa majirani. Jumapili wakaenda kanisani, wakarudi, wakakaa. Rubisi ilikuwa kwenye ubora wake, ule wa siku ya nane. Wanaume wa pande zote mbili walikuwa wanameza mate na kuzungumzia mvua. Baba akawa anatembea tu kati ya mgomba na mgomba.

"Mwenzangu," mzee Baltazari akamwambia jioni, polepole kama wanavyosema wao, "hii ndege yenu inakuja kwa miguu?"

Wakacheka wote wa Nemba. Baba naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa.

"Maana," mzee akaendelea, "lori la kutoka Mwanza linapita Biharamulo, sivyo? Linapita karibu na kwetu. Shangazi wenu yuko huko mlangoni kwetu anapita, sisi tumekuja kumsubiri huku kwenu. Mngetuambia, tungembeba njiani."

Jumatatu nilipoamka, harufu ilikuwa imebadilika. Mnajua inavyobadilika. Inaacha kunukia chini, inaanza kunukia juu, kwenye macho. Koleta aliniita kutoka chumba cha ndani, alikokuwa amefichwa, amepakwa samli mpaka anang'aa, haruhusiwi kutoka wala kuonekana. "Wewe msomi, njoo." Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, na ukuta wa kule ndani nao ulikuwa umeanza kupata shimo.

"Wamesemaje?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Wale wa nje."

Nikamwambia nilichosikia, kwa sababu sikujua kuficha. Mzee Baltazari alikuwa amemwambia Baba kwamba kesho jua likifika utosini wanaondoka. Hawatakunywa bila shangazi kufungua, hawataki lawama, lakini pia hawawezi kulima mashamba yao wakiwa Kibimba. Na kwamba yuko binti Nyakahura ambaye shangazi yake anakaa nyumba ya pili.

Koleta hakulia. Alinishika sikio, akalizungusha polepole. "Kiganja na kidole," akasema. "Kiganja na kidole, ee? Nikikaa humu mpaka nizeeke nitakuwa napima sikio lako kila siku."

Nikatoka nje na sikio linawaka, na bahati mbaya Baba alikuwa ananitafuta. Alikuwa na fimbo, nikadhani ndiyo mwisho wangu. Lakini aliitupa mbele ya miguu yangu, pale pale uwanjani, mbele ya wakwe wote kumi na wawili.

"Pima tena," akasema. "Nichoree hapa. Nataka kuona alipo dada yangu."

Nikachora. Dar es Salaam nikaiweka mlangoni pa jiko, Mwanza penye jiwe la kusagia, na nyumbani hatua moja tu kutoka kwenye lile jiwe. Baba akasimama anatazama hiyo hatua moja. Akaivuka, akarudi, akaivuka tena.

"Sasa amekwama wapi hapa?" akafoka. "Kuna nini hapa katikati? Hata kuku anavuka!"

Mzee Baltazari akainuka kwenye kigoda. Akaja akainama juu ya mchoro wangu na kuutazama kama anavyotazamwa ng'ombe wa kununua.

"Huyu mtoto ameruka ziwa," akasema.

"Ziwa lipo," nikasema. "Ni hapa, ni jembamba."

"Jembamba! Mimi nilipeleka ng'ombe Mwanza. Nililala kwenye foleni ya kivuko siku mbili, malori ya pamba yamejaa mbele yangu mpaka huoni maji." Akachukua fimbo mkononi mwangu, akasukuma Kibimba hatua tatu mbele. "Ziwa liweke hapa. Na hizi hatua ni foleni."

Kijana mmoja wa kwao akadakia, "Mzee, umesahau Geita. Kuna mlima pale, lori la mzigo watu wanashuka kusukuma." Akasukuma Kibimba mbele tena.

"Na Biharamulo lori linasubiri lijae," akasema mwingine. "Halijai. Mimi nilisubiri mpaka nikapata rafiki pale, tukazozana, tukapatana, lori bado."

Hapo Mama akatoka jikoni. Alibeba magome ya kuni mawili, akaenda akayalaza baada ya Biharamulo, moja baada ya jingine, akasema, "Msitu," akarudi jikoni. Wote wakaanza upya, wa kwao na wa kwetu, daraja la magogo, matope ya Nyakahura, kilima ambacho dereva hula kwanza kabla ya kukipanda, majani yale marefu ambayo miaka ya baadaye wakimbizi walikuja kuyajaza pakaitwa Benaco na dunia nzima ikapajua, wakati ule palikuwa majani tu na swala. Kila mtu aliyewahi kuumia mahali alikuja akapaweka. Kibimba yetu ikasukumwa ikapita kahawa, ikapita zizi, ikafika kwa jirani, jirani akatoka kuuliza kuna nini. Na kile kipande cha ndege, kutoka mlangoni pa jiko mpaka jiwe la kusagia, kilibaki palepale kidogo, hakuna aliyekigusa. Hakuna aliyekuwa na la kuongeza pale. Hakuna aliyewahi kuumia angani.

Baba alisimama mwisho wa mchoro, mbali huko kwa jirani, akatutazama sisi tuliobaki Mwanza. "Basi hajachelewa," akasema. "Bado hajafika tu."

"Hajachelewa," mzee Baltazari akakubali. "Aliyewahi ni mtungi." Halafu akakumbuka kwamba amekasirika, akarudi kwenye kigoda. "Lakini kesho utosini tunaondoka. Hilo sijalibadilisha."

Watu wa siku hizi mkiwaeleza hivi wanasema, si mngepika rubisi nyingine? Ndizi za kutoka wapi? Nimesema Baba hakubakiza mkungu. Na ya kununua kwa jirani haifai, rubisi ya kumtoa binti inatoka kwenye migomba ya nyumbani kwake. Nachoka kueleza.

Jumanne wakwe walifunga mizigo yao tangu asubuhi, wakaiweka mstari mmoja ili tuione. Bwana harusi hakufunga wake. Alikaa kando, viatu mkononi, anatazama lile dirisha dogo la chumba cha ndani, na mtu akimwita anaitika bila kugeuka. Jua likawa linapanda tu. Nililichukia jua lile kama mtu. Mzee Baltazari akasimama, akajipangusa matako, akatazama kivuli chake mwenyewe miguuni, kilikuwa kimebaki kama kikapu.

Ndipo tukasikia honi.

Lori la chumvi. Lilisimama juu barabarani, na juu ya magunia alikuwepo mtu mweupe mwili mzima kwa vumbi na chumvi, amejifunga kitenge kichwani, kiatu kimoja kimekatika kisigino. Mimi nilidhani ni mzimu. Aliteremshwa kama gunia. Akaja anachechemea mpaka uwanjani, akaukanyaga mchoro wote bila kujua, Geita, Biharamulo, msitu, akasimama mbele ya Baba.

"Kaka," Shangazi Skolastika akasema, "usiniulize kitu. Nilikunywa chai Dar es Salaam, nikashuka Mwanza chai hiyo bado ina moto tumboni. Tangu hapo sijaoga."

Akaona wakwe. Akaona mizigo iliyopangwa mstari. Pua yake ikacheza, akaugeukia mtungi. Alikuwa mwanamke wa kwetu, hata angekaa Dar es Salaam miaka mia angejua harufu ile ni ya siku ya ngapi. Akamtazama Mama. Mama akatazama chini. Wala hakuuliza nani alihesabu. Alijipangusa uso kwa kitenge, akabaki na michirizi, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akakata kamba kwa meno.

Inzi waliondoka kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama mbali na bado machozi yalinitoka. Shangazi akachota kibuyu kikajaa mpaka juu, akakiinua, akanywa. Sikusema akaonja, nimesema akanywa, koo linapanda na kushuka, mpaka kibuyu kikatazama mbinguni. Ile ilikuwa siki ya kusafishia shaba. Hakukunja uso hata unywele. Akachota cha pili, akaenda mbele ya mzee Baltazari, akapiga goti moja na ule mguu wake mbovu, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, mkwe wetu," akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzika kidogo. "Ya kwetu ni tamu."

Mzee Baltazari akakitazama kibuyu. Akamtazama yule mama mwenye chumvi kwenye kope. Nadhani alihesabu, si kwa kiganja, alihesabu kwa vile yeye mwenyewe alivyowahi kulala kwenye ile foleni. Akanywa. Kilipofika nusu mishipa ilimsimama shingoni, fimbo ikamponyoka, lakini hakukitoa mdomoni. Akamaliza. Akajifuta mdomo, macho yamejaa maji, huku watu kumi na mmoja wa kwao wakirudi nyuma polepole kwa sababu walijua zamu inafuata.

"Tamu," akasema.

Wakanywa wote. Sijaona tena watu wazima wakipata shida namna ile kwa heshima. Bwana harusi alikunywa vibuyu viwili bila kuombwa, akatapika nyuma ya zizi, akarudi akiwa amevaa viatu.

Koleta alitolewa akiwa amefunikwa shuka jeupe, Shangazi amemshika kiuno. Kwetu bibi harusi anatakiwa alie wakati huo, tena kwa sauti, majirani wasikie kwamba anapenda kwao. Mama alikuwa anamsaidia kulia. Mimi nilikuwa karibu, nikaona shuka linatikisika, nikasikia ndani yake Koleta anacheka, na Shangazi anamfinya ubavuni ili aache, naye anazidi.

"Jamani tuondoke," mzee Baltazari akasema, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. "Tupeni mtu wetu. Kutoka hapa mpaka Nemba hakuna ndege."